Redio ya sebuleni: ifungeni vizuri, isikilizwe na nyumba nzima

Mwaka juzi, baada ya kuuza mpunga, shemeji yangu wa Kibaoni, Ifakara, alipanda basi kwenda Dar es Salaam na kurudi na redio kubwa. Si hizi sabufa za siku hizi. Ilikuwa redio kamili, yenye spika mbili za mbao, sehemu ya kanda ambayo haina kazi tena, na trei inayobeba CD tatu kwa wakati mmoja. Ilikuwa imetumika, lakini inang'aa kama mpya. Ilimgharimu thamani ya magunia manne ya mpunga.

Jioni ile watoto walikaa mkekani. Bibi yao, mama mzazi wa shemeji, aliwekewa kiti karibu. Macho ya Bibi hayaoni vizuri tena, na televisheni kwake ni kelele za watu asiowaona. Kwa hiyo redio hii aliahidiwa yeye kwanza. Shemeji akachomeka plagi, akabonyeza swichi. Kioo kikawaka rangi ya bluu, watoto wakashangilia. Halafu ikasikika "pah!", kimoshi chembamba kikatoka kwa nyuma, na harufu ya kuungua ikajaa sebuleni.

Fundi aliyeifungua kesho yake hakumaliza hata dakika tano. Aliigeuza tu, akatuonyesha kibandiko cha nyuma kilichoandikwa "AC 100V".

"Bosi, hii ilitengenezwa itumike Japani," alisema. "Umeme wetu ni volti 230. Umeilisha zaidi ya mara mbili ya chakula chake."

Magunia manne ya mpunga yaliungua kwa sababu ya maandishi ambayo yangesomwa kwa sekunde mbili. Tangu siku hiyo kila mtu anayeniambia anataka kununua redio ya sebuleni namweleza kisa hiki. Na kwa kuwa kila msimu wa mavuno pesa huingia katika nyumba nyingi za bonde la Kilombero, na vyombo vya aina hii hupakiwa kwenye mabasi na treni ya TAZARA kuja huku, nimeona niandike yote tuliyojifunza, kuanzia dukani mpaka jinsi ya kuisikiliza bila ugomvi.

Kabla ya kulipa, soma mgongo wa redio

Igeuze redio, utafute kibandiko cha umeme. Ukiona "230V", "220–240V" au "110–240V", iko sawa kwa soketi ya nyumbani. Ukiona "100V" ni ya Japani, na "120V" mara nyingi ni ya Marekani. Nyingine zina kitufe cha kuchagua volti kwa nyuma. Hakikisha kimewekwa kwenye 220 au 230 kabla hujachomeka chochote, maana hujui aliyetangulia alikiacha wapi.

Redio ya volti 100 inaweza kutumika hapa ikiwa utainunulia transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 100. Angalia wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha redio, kisha nunua transfoma yenye uwezo mkubwa zaidi. Redio ya wati 60, kwa mfano, itafutie transfoma ya wati 100 au zaidi. Ongeza bei hiyo kwenye hesabu zako tangu mwanzo, maana redio rahisi pamoja na transfoma inaweza kukufikisha kwenye bei ya redio isiyohitaji transfoma.

Jambo la pili ni masafa ya FM. Wenye magari yaliyotoka Japani wanalijua hili: redio ya gari inaishia 90 na vituo vingi havikamatiki. Ndivyo zilivyo na redio za nyumbani. Za Japani za zamani zinaanzia megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo zinaonja kipande kidogo tu cha mwanzo. Zungusha kitafuta vituo dukani uone mwisho wake ni namba ngapi.

La tatu, uliza redio inasoma diski za aina gani. Diski nyingi za kwaya, taarabu na harusi zilizojaa makabatini mwetu si CD za sauti, ni VCD au DVD zenye picha. Ukizitia kwenye redio ya CD tupu, itazunguka, itakwaruza, kisha iandike kwamba haioni diski. Redio haijaharibika, ila haisomi aina hiyo. Diski zenye nyimbo za MP3 nazo zinahitaji redio yenye alama ya "MP3" usoni.

La nne, usidanganywe na wati. Spika ndogo yenye maandishi makubwa ya "PMPO" wati 3000 haina wati hizo. Hicho ni kipimo cha matangazo. Namba ya kuaminika zaidi ni ile yenye alama ya "RMS". Kwa sebule ya kawaida, wati 20 hadi 30 za RMS kwa kila spika zinatosha na kubaki.

Mwisho, nenda dukani na CD zako. Jaza nafasi zote za trei, sikiliza wimbo wa kwanza na wa mwisho wa kila diski, bonyeza kitufe cha kubadilisha diski mara kadhaa, na uhamishe sauti kushoto na kulia. Muuzaji asiyetaka ufanye hivyo, muage kwa heshima.

Safari ya kuja nyumbani

Trei ya CD ina meno madogo ya plastiki na ukanda wa mpira, na ndani kuna jicho dogo la mwanga linalosoma diski. Vitu hivi havipendi rasta za barabarani. Kabla ya kuifunga kwenye boksi, toa CD zote, funga trei, zima redio, ndipo uchomoe waya. Baadhi ya redio za kubadilisha CD zina skrubu maalumu chini ya boksi la kuzuia mtambo usicheze safarini. Kama yako inayo, ikazwe kabla ya safari, na ilegezwe ukifika kabla hujawasha.

Usiikabidhi iwekwe chini ya magunia. Ikiwezekana spika zisafiri zikiwa zimesimama, nyuso zake zikitazamana, na kanga au blanketi katikati.

Mahali pa kuiweka

Nyumba zetu zina desturi nzuri ya vitambaa vya kufuma. Kochi lina kitambaa, meza ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, na redio ikifika nayo inavikwa. Hapo tuwe waangalifu. Matundu ya juu na ya nyuma ya redio ni pua zake, moto wa ndani unatokea hapo. Kitambaa kiwekwe redio ikiwa imezimwa, kuzuia vumbi, na kiondolewe kabla ya kuwasha. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma na pembeni.

Redio yenyewe ikae juu ya meza isiyotikisika, mbali na dirisha linaloingiza mvua. Kwa wanaoishi sehemu ambazo maji huingia ndani wakati wa masika, isikae chini hata kwa siku moja. Weka juu ya kabati, na soketi ya kurefusha umeme uitundike ukutani.

Spika zisiwekwe juu ya redio. Zikipiga besi, redio inatetemeka na CD inaruka. Ziweke pande mbili, umbali wa mita mbili hivi, zikielekea mahali watu wanapokaa. Kama kuna mtoto anayetambaa au anayejifunza kusimama, spika ndefu ndiyo atakayoishika ili ainuke. Iegemeze ukutani, na ifungwe kwa kamba au kipande cha chuma. Waya zipitishe nyuma ya kabati, zisikatize mlango.

Nyuma ya spika kuna matundu mawili, jekundu na jeusi. Waya unaotoka tundu jekundu la redio uende jekundu la spika, mweusi uende jeusi. Spika moja ikigeuzwa, muziki utasikika, lakini besi itapotea na sauti itakuwa kama imetoka mbali. Wengi huishia kumlaumu fundi, au kununua sabufa, kumbe ni waya mbili zimepishana. Ukiwa na wasiwasi, zima redio, geuza waya za spika moja tu, kisha sikiliza tena wimbo uleule. Upande wenye besi nzito ndio sahihi. Hakikisha ncha za nyuzi za shaba hazigusani, kwa sababu zikigusana zinaweza kuunguza redio.

Umeme wa kukatika

Mabwawa ya Kidatu na Kihansi yanayozalisha umeme wa taifa yako huku kwetu, lakini umeme nasi tunakatikiwa kama wengine. Hatari kubwa kwa redio ni dakika umeme unaporudi, kwa sababu mara nyingine hurudi na nguvu isiyotulia. Umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke. Watoto wafundishwe hivyo, kwa sababu ndio wanaokuwa nyumbani wakati wazazi wako shamba au sokoni.

Wingu likitanda na radi ikaanza kusikika kutoka milimani, chomoa plagi na waya wa antena uliotoka nje, vyote viwili. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu redio inakuwa bado imeungwa kwenye umeme. Fanyeni hivyo radi ikiwa bado iko mbali. Ikishafika juu ya nyumba, mtu asishike waya wowote.

Tuhesabu na uniti za LUKU. Redio inayokula wati 60, ikipigwa saa nne kwa siku, inatumia karibu robo ya uniti, yaani kama uniti 7 kwa mwezi. Lakini ile taa nyekundu inayobaki ikiwaka baada ya kuzima kwa rimoti nayo inakula. Ikitumia wati 5 tu, kwa mchana na usiku inafikisha uniti zaidi ya 3 kwa mwezi, na hakuna aliyesikia wimbo hata mmoja. Zima ukutani.

Kwa nyumba zinazotumia sola, linganisha wati za redio na uwezo wa inveta kabla ya kununua. Sola ndogo ya taa na kuchaji simu haitaibeba redio ya trei tatu.

Kutafuta vituo chini ya Udzungwa

Mawimbi ya FM husafiri kama mwanga wa tochi, yakikutana na mlima yanazuiwa. Ndiyo maana mtu wa Ifakara mjini anaweza kupata Pambazuko FM ya hapahapa bila shida, wakati ndugu yake wa Mang'ula, ambaye nyumba yake imeegemea milima ya Udzungwa, anahangaika na kituo cha mbali kinachokuja na kuondoka.

Redio nyingi za aina hii huja na waya mwembamba wa antena ya FM. Watu huuacha umejikunja nyuma ya kabati, kisha wanasema redio haishiki. Unyooshe, uubandike ukutani juu kadiri uwezavyo. Kama ni wa umbo la herufi T, mikono yake miwili itandazwe kulia na kushoto, na upana wake uelekee upande kituo kilipo. Fundi anaweza kukutengenezea kwa waya wa kawaida: kila mkono sentimita 75. Kipimo hicho kinatokana na wimbi lenyewe, ambalo kwa FM lina urefu wa karibu mita tatu, na mkono mmoja ni robo yake. Jaribu kuta mbalimbali. Mara nyingi ukuta wa upande wa bondeni unashinda ule wa mlimani.

Kituo kikija na mchemko kama mafuta ya kukaangia, tafuta kitufe cha "mono". Sauti haitagawanyika tena kwenye spika mbili, lakini mchemko utapungua sana. Kwa habari na mazungumzo hutakosa kitu.

Upande wa AM una antena ya duara ya plastiki. Izungushe taratibu mpaka sauti isafike, na uiweke mbali na televisheni, chaja za simu na taa zinazopepesa. Usiku jaribu tena: mawimbi ya kati hufika mbali zaidi jua likishazama, na vituo vya nchi jirani huweza kuingia.

Ukishapata vituo vyote, vihifadhi kwenye namba. Nyumbani kwa dada yangu namba 1 ni ya Bibi, na hakuna mwenye ruhusa ya kuibadilisha.

Saa ya redio si saa ya Kiswahili

Hapa shemeji alitufurahisha. Baada ya redio kutengenezwa, aliitegesha iwaamshe watoto wa shule saa 11 alfajiri. Akaandika 11:00. Alfajiri redio ilikaa kimya, watoto wakachelewa. Ikaja kuwaka yenyewe saa 5 asubuhi kwa sauti ya juu, nyumba nzima haina mtu, isipokuwa Bibi aliyedhani wezi wamevamia.

Saa ya redio huanza kuhesabu usiku wa manane. Kumbuka sita: saa 11 alfajiri ni 5:00, saa 12 asubuhi ni 6:00, saa 1 usiku ni 19:00, na taarifa ya habari ya saa 2 usiku ni 20:00. Angalia pia sauti uliyoiacha usiku, maana redio nyingi huwaka asubuhi kwa sauti hiyohiyo. Na umeme ukikatika saa nyingi hupotea, kwa hiyo siku ya mtihani usiitegemee peke yake.

Kitufe cha "sleep" nacho ni kizuri. Unakipa dakika 30, redio inajizima mtu akishalala.

CD tatu, na zitunzwe

CD ya sauti inabeba dakika 74 hadi 80. Trei ya diski tatu inakupa karibu saa nne bila kuinuka na bila kununua bando. Hapo ndipo redio hii inapoizidi simu kwa shughuli ya nyumbani. Kama CD ni ya MP3, diski moja inaweza kubeba nyimbo za saa nyingi zaidi.

Shika CD pembeni au kwenye tundu, usiguse uso unaong'aa. Ikiwa chafu, ifute kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Wengi wanalinda upande unaong'aa na kusahau ule wenye maandishi, kumbe upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi. Nyimbo zimekaa chini tu ya rangi ile. Mkwaruzo mdogo wa upande unaong'aa mara nyingi husameheka, lakini wa upande wa maandishi ukichimba, wimbo umekwenda. Usiandike juu yake kwa kalamu yenye ncha kali.

Usibandike karatasi kwenye CD ya trei, inaweza kubanduka ndani. Usisukume trei kwa mkono, tumia kitufe. Na watoto waelezwe mapema kwamba trei si mahali pa kuweka sarafu wala biskuti. Redio ikifunguliwa na fundi, watoto wasichungulie lile jicho la mwanga likiwa linafanya kazi. Mwanga wake huumiza macho, na mwingine hauonekani.

Kama una CD ya harusi yenu, au ya kwaya aliyoimba mzazi ambaye sasa ni marehemu, mpelekee mwenye kompyuta akutolee nakala. Sikilizeni nakala, ya asili ikae kabatini. Redio itapata nyingine, sauti ile haitapatikana tena.

Masikio ya watoto na jirani

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto wasizidi 75 kwa muda huohuo. Kila sauti inapopanda desibeli tatu, muda salama unapungua kwa nusu. Simu nyingi zina programu ya kupima desibeli. Haipimi kama kifaa cha hospitali, ila inakupa mwanga.

Kama huna, tumia kipimo hiki: mtu akiwa umbali wa mkono wako na inabidi upaze sauti ili akusikie, redio iko juu mno. Mtoto mchanga asilazwe karibu na spika, hata kama analala bila kulia. Na rangi au kipande cha karatasi chenye gundi kiwekwe kwenye kizungushio cha sauti, mahali ambapo watoto hawaruhusiwi kupita. Shemeji alitumia rangi ya kucha ya dada.

Jirani naye ni sehemu ya ufungaji wa redio. Nyumba zetu zimesogeleana, na besi hupita ukutani hata kama wewe unaona umepunguza. Punguza besi kwanza, ndiyo inayomfikia mwenzako. Jirani akiwa na mgonjwa, au mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani, mfuate umuulize. Kukiwa na msiba mtaani, redio izimwe bila kusubiri kuambiwa. Mtoto anayekuona ukiizima siku hiyo amejifunza jambo kubwa.

Kusikiliza pamoja

Wazazi wetu walikuwa na redio moja ya mbao kwa nyumba nyingi, na kituo kimoja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1973 ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kuzunguka redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili na kiongozi wao, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ilisema, na kazi ilifanywa na mazungumzo yaliyofuata.

Leo sebuleni mnaweza kuwa watu sita, na kila mmoja ana simu yake masikioni. Redio kubwa haitabadilisha hilo yenyewe. Ikikosa utaratibu, mwenye nguvu ndiye anayeshika rimoti, na wengine wanarudi kwenye simu zao.

Kwa dada yangu waliweka utaratibu mwepesi. Trei ina nafasi tatu: ya kwanza ni ya wakubwa, ya pili ya watoto, ya tatu ya mgeni au ya mtu mwenye zamu siku hiyo. Diski zinapigwa kwa mzunguko, hakuna kuruka ya mwenzako. Kijana wa kidato cha pili anayependa Bongo Fleva amejikuta anamjua Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Na Bibi anaweza kukutajia msanii wa sasa hivi, ingawa anamtaja ili amseme.

Taarifa ya habari inasikilizwa kimya. Ikiisha, mtoto mmoja anamsimulia Bibi habari moja kwa maneno yake mwenyewe. Mwanzoni walikuwa wanababaisha. Sasa wanasikiliza kwa makini, kwa sababu Bibi naye alikuwa anasikiliza, na anasahihisha.

Redio ndogo ya Bibi

Nilisema redio iliungua. Fundi aliitoa transfoma yake, akaweka ya volti 230, na baada ya wiki tatu ikarudi ikipiga CD vizuri. Lakini FM ilibaki ileile ya Japani, inaishia 90. Bibi aliyeahidiwa redio akawa amepata muziki tu. Jioni alikuwa anachukua redio yake ndogo ya betri, anakwenda kukaa nayo chumbani peke yake, sauti ikiwa chini ili betri zisiishe.

Dada ndiye aliyelifikiria. Alimuuliza fundi kama vitu hivi viwili vinaweza kuungwa. Fundi akaleta waya mmoja mfupi: upande mmoja unaingia kwenye tundu la spika za masikioni la redio ndogo, upande wa pili wenye vichwa viwili, chekundu na cheupe, unaingia nyuma ya redio kubwa palipoandikwa "AUX". Sauti ya redio ndogo iwekwe nusu, ya redio kubwa ipandishwe kidogokidogo, na kitufe kigeuzwe kwenye "AUX". Waya huo ni wa bei ndogo, na hata simu inaungwa kwa njia hiyohiyo.

Tangu hapo redio ndogo inakaa dirishani, antena yake imevutwa juu kuelekea bondeni, na sauti yake inatoka kwenye spika za mbao. Bibi hakai tena chumbani jioni. Kiti chake kiko palepale kilipowekwa siku ya kwanza, na ikikaribia saa mbili usiku anawaita wajukuu mmoja mmoja kwa majina waje wakae, habari zinaanza.